Tembea Uone Gogo

Wako wazee wasemao kwamba kijana wa shule aendaye na wenzake kutazama maporomoko ya maji apoteza siku yake. Husema maji ni maji, yawe mtungini au mwambani, kisha hukata shauri kwa methali: mtembezi hula miguu yake. Methali hiyo ni ya kweli, lakini wameitumia mahali isipopaswa. Yamhusu mtu azururaye bila nia, wala haimhusu aendaye kujifunza. Wahenga hao hao walisema pia: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

Basi natuulize kijana wa Isebania ataokota nini. Mwanafunzi wa mji huu wa mpakani aweza kukutajia maporomoko ya Niagara kule Amerika, na yale ya Victoria katika Mto Zambezi, pasipo kukosea. Mwulize habari za Gogo, maporomoko ya Mto Kuja yaliyo katika kaunti yake mwenyewe ya Migori, naye huenda akanyamaza. Elimu ya namna hiyo humwonyesha mtu nyota za mbali huku akijikwaa katika kizingiti cha nyumba yake.

Gogo si maji matupu. Katika miaka ya 1950 mto ulizibwa hapo kwa bwawa, na nguvu ya maji ikageuzwa umeme wa kuendeshea mgodi wa shaba wa Macalder. Mgodi ule ulifungwa katika miaka ya 1960, lakini mitambo ya umeme, yenye nguvu ya megawati 2, ilibaki. Tena katika miaka ya 1980 wataalamu wa mambo ya kale walichimba karibu na maporomoko, wakapata vigae vya vyungu na mifupa ya mifugo, ya wanyama wa porini na ya samaki. Ni ushahidi wa watu waliofuga, wakawinda na kuvua mahali hapo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Ni kitabu gani cha shule kikusanyacho sayansi, jiografia na historia katika ukurasa mmoja namna hiyo?

Wazazi wengine hawabezi safari. Wao huogopa mto. Hofu yao ni ya haki, maana maji ya kasi hayamjui mwana wa mtu. Lakini dawa ya hatari ni uangalizi, si kufungiwa nyumbani. Vijana na waende wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, mvua kubwa za masika zikiisha. Gari na liwachukue sehemu ya njia, miguu imalize iliyobaki. Waende na mwalimu, waombe idhini ya wenye mitambo na uongozi wa wenyeji, wala mtu asioge chini ya maporomoko.

Kisha lipo jambo lipitalo yote hayo. Mto Kuja huanzia katika vilima vya Wakisii, hupita katika nchi ya Waluo, na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Udongo unaomomonyoka mashambani huko juu huchukuliwa na maji hadi chini, na mafuriko ya mto huu yamewatesa mara nyingi watu wa Nyatike. Mtoto wa Kikuria, wa Kiluo na wa Kikisii wakisimama pamoja Gogo, wakala chakula kimoja na kusaidiana katika njia ya mawe, watafahamu kwamba akataye mti mlimani amdhuru jirani asiyemwona. Hotuba nyingi za umoja zimeshindwa kufundisha hilo.

Kwa hiyo, wazazi na walimu, likizo ya Agosti ifikapo, msiwazuie vijana wenu. Wafungieni chakula, wapeni mwangalizi mwema, nanyi wapisheni njia. Miguu yao itachoka siku moja na kupona. Ujinga wa nchi yao wenyewe wasipotibiwa mapema, watazeeka nao.