Kabla ya kuuza dawa ya damu, tuulize damu imekwenda wapi

Minada ya korosho ikianza mwezi Oktoba, wateja wa dawa ya damu huongezeka. Mimi nimekulia Nachingwea na sasa nauza dawa Ruangwa, katika duka la dawa muhimu, kwa hiyo nawajua wanaokuja na najua kinachowaleta. Fedha imeingia, na mama anakumbuka kwamba tangu wakati wa palizi akiinama anasikia kizunguzungu na moyo unakwenda mbio. "Dada, nipe dawa ya damu." Mwingine anataka ya maji, ya chupa, ya mtoto. Wanauliza bei, wanalipa, wanaondoka. Ni nadra kumpata anayesema amepimwa.

Naomba wauza dawa wenzangu wa wilaya hizi mbili tukubaliane jambo moja. Tusimpe mtu madini ya chuma kabla ya kumuuliza damu yake imekwenda wapi. Na mtoto mdogo asipewe kabisa dukani mpaka apelekwe zahanati akapimwe malaria na wingi wa damu. Najua hilo litatupunguzia mauzo. Na litupunguzie.

Vidonge vyenyewe sina ugomvi navyo, maana tatizo ni kubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta upungufu wa damu kwa wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa kuzaa, na kwa watoto 58 katika kila 100 wa miezi 6 hadi 59. Wajawazito hasa wanavihitaji. Magharibi mwa Kenya, utafiti uliotangazwa 2015 ulionyesha kwamba wajawazito waliopewa miligramu 60 za chuma kila siku walizaa watoto wenye uzito zaidi, kwa wastani wa gramu 150 hivi, na malaria haikuwazidia. Mama anayepewa kliniki FEFO, yaani kidonge cha chuma na foliki, akaificha kabatini kwa sababu inamletea kichefuchefu anajinyima kitu cha maana sana. Ameze usiku baada ya chakula, na akishindwa amwambie nesi, asinyamaze.

Kwa mtoto habari ni nyingine, na ushahidi wake umetoka hapa hapa kwetu, Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watoto zaidi ya 24,000 wa kisiwa kile, wote chini ya miaka mitatu, waliingizwa katika utafiti mkubwa. Baadhi walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku, bila kupimwa kwanza kama chuma kimewapungukia. Nia ilikuwa njema kabisa. Agosti 2003 sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa: waliokuwa wakipewa chuma walikuwa na hatari zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kulazwa hospitali. Matokeo yalichapishwa 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake kwa nchi zenye malaria. Lakini wale waliofuatiliwa kwa karibu, wakapimwa na kutibiwa malaria mapema, na kweli walikuwa wamepungukiwa chuma, walinufaika. Dawa ilikuwa ile ile na kisiwa kile kile. Tofauti ilikuwa kupima na kutibu malaria.

Mkoa wetu wa Lindi una malaria nyingi. Mtoto mwenye homa anayeletewa chupa ya dawa ya damu badala ya kipimo cha malaria amepoteza siku ambazo pengine hana. Malaria yenyewe ndiyo inayovunja chembe za damu, na mtoto wa namna hiyo anaweza kuhitaji kuongezewa damu hospitali leo hii, jambo ambalo chupa yangu haiwezi kumfanyia.

Kwa watu wazima nauliza mengine. Je, unatembea peku shambani? Safura bado ipo, na minyoo wake hunyonya damu utumboni kila siku, kwa hiyo utameza chuma nao wataendelea kukitoa. Je, mkojo una damu? Huenda ni kichocho, na huku kusini wako vijana wanaokichukulia kama sehemu ya kukua. Hedhi inachukua siku ngapi? Unakula udongo ule unaouzwa sokoni? Kuna mtoto wa selimundu nyumbani? Huyo asipewe chuma bila daktari, kwa sababu damu yake hupungua kwa chembe kuvunjika, na kama ameongezewa damu mara nyingi, chuma huweza kurundikana mwilini mpaka kikaumiza ini na moyo.

Liko jambo lingine ambalo hata baadhi ya wauzaji hawalijui. Mjamzito hunywa SP kliniki ili kujikinga na malaria, na dawa hiyo hufanya kazi kwa kumzuia kimelea asitengeneze foliki yake. FEFO ya kliniki ina foliki kidogo, haizidi nusu miligramu, na haina neno. Vidonge vya foliki vya miligramu 5 vinavyouzwa madukani ni jambo jingine: vinaidhoofisha SP. Mama akija kuvinunua "kuongezea nguvu", nauliza kwanza kama yuko kliniki na amekunywa SP lini.

Namna ya kumeza nayo ina uzito wake. Kidonge cha kawaida cha miligramu 200 kina chuma chenyewe miligramu 65 hivi. Ukikimeza kwa chai ya rangi au maziwa, sehemu kubwa haitafyonzwa. Meza kwa maji, na ukipata kitu chenye vitamini C ni bora zaidi. Hapa nasikitika kila mwaka: mabibo yanaoza chini ya mikorosho Nachingwea nzima, au yanaishia kuwa uraka, na bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, mara kadhaa. Kula bibo na mboga ya majani ya kunde, siku hiyo hiyo, sahani hiyo hiyo. Juisi ya rozela wanayoiita damu ya mzee ni nzuri kinywani, ila rangi yake nyekundu haimponyi mtu ambaye kipimo chake cha wingi wa damu ni sita tu.

Choo kikiwa cheusi usiogope, ni chuma. Ukijisikia nafuu baada ya wiki mbili usiache, kwa sababu damu ikisharudi akiba ya mwili bado ni tupu, na dozi huendelea kwa miezi kama mitatu zaidi. Asiye mjamzito anayesumbuliwa na tumbo amuulize mganga kuhusu kumeza siku moja na kuruka moja: watafiti wa Zurich walionyesha 2017 kwamba kwa idadi ile ile ya vidonge mwili wa mwanamke mwenye akiba ndogo ulifyonza chuma kingi zaidi kwa mpango huo.

Ninachokiogopa kuliko vyote ni mtoto anayetambaa. Vidonge hivi vingi ni vyekundu, vina ganda tamu, vinafanana na pipi. Vidonge kumi kwa mtoto wa kilo kumi vinaweza kumuua. Kwanza atatapika na kuhara, pengine kwa damu, kisha atatulia saa kadhaa na nyumba nzima itadhani amepona, kumbe ini linaharibika. Mtoto akimeza, hata kama anacheza, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo na pakiti ibebwe. Kwangu sasa sitoi vidonge vya chuma vikiwa huru ndani ya karatasi iliyokunjwa. Nampa mama pakiti yake na kumwambia aining'inize juu, palipo na kanga na hati za shamba.

Halmashauri za Ruangwa na Nachingwea hukusanya ushuru wa korosho kila msimu. Kutoka humo naziomba fungu la kudumu la vitendanishi vya wingi wa damu na malaria kwa kila zahanati, ili mama ninayemrudisha kutoka kaunta yangu asikute maabara imefungwa na kuambiwa aje Jumatatu.