Maji yaliyotugombanisha



Juma hili naanza kwa kuungama kosa langu. Katika parsela yetu hapa Bukavu tuko familia nne kwenye konteri moja ya maji. Miezi mitatu mfululizo faktire ilipanda. Tulinung'unika, kisha macho yote yakamgeukia mpangaji wa mwisho kuingia, mama anayefua nguo za watu ili watoto wake wasome. Mimi mwenyewe nilimwambia mbele ya watoto wake: « Wewe ndiye unayemaliza maji. » Mwezi wa tatu tukamlipisha sehemu mbili. Hakubishana. Alilipa, akachukua beseni lake, akaanza kushuka ziwani kufulia.

Kijana fundi wa maji aliyekuja kubadilisha mpira wa robine ndiye aliyetufungua macho. Alituomba tufunge robine zote, tukainama pamoja juu ya konteri. Gurudumu lake dogo lilikuwa bado linazunguka! Alichimba nyuma ya choo, akakuta tiyo imepasuka. Kumbe maji yetu yalikuwa yanalowesha udongo chini ya nyumba. Sisi tunaokaa kwenye miteremko tunajua udongo uliolowa unaweza kufanya nini.

Fundi alitueleza kwamba majengo makubwa huwekewa vitambuzi vya maji. Kimoja kinalazwa sakafuni, karibu na sinki. Chini kina ncha mbili za chuma. Maji yakizigusa zote mbili, umeme kidogo sana unapita kati yake, na chombo kinalia. Kingine kinafungwa kwenye tiyo kubwa. Kikiona maji yanapita saa nyingi bila kupumzika, kinaamuru robine yenye mota ijifunge. Kile cha sakafuni kisingeona tiyo yetu iliyofukiwa; hiyo ni kazi ya kile kinachopima maji yanayopita. Na kwetu ambako umeme unakatika, anayenunua aulize kwanza kama kinatumia betri.

Lakini konteri nayo inapima maji yanayopita. Inakosa tu mtu wa kuitazama. Fanyeni hivi:

1. Usiku, wekeni maji ya kunywa kwenye bidoni, fungeni robine zote, muandike namba zote za konteri. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kugusa maji, someni tena. Namba zikibadilika, kuna mahali panavuja.

2. Kama choo kina tanki, tieni humo bulu ya kufulia kidogo. Ngojeni nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikishuka chooni, tanki linavuja.

3. Robine inadondoka? Wekeni chombo chini yake saa moja, mpime. Nusu lita kwa saa ni lita 12 kwa siku na lita 360 kwa mwezi, yaani bidoni 18 za lita 20. 

4. Maji yakikatika, hakikisheni robine zote zimefungwa. Yakirudi usiku wakati mmelala, yatamwagika hadi asubuhi.

Tiyo imetengenezwa, na mwezi uliofuata faktire ilishuka. Nilienda kwa yule mama kumwomba msamaha, nikauomba mbele ya watoto wake, kwa sababu ni mbele yao nilimwaibisha. Ile sehemu ya pili aliyolipa tumekubaliana familia tatu kumrudishia. Sasa anafulia tena uani, na konteri tunaisoma kwa zamu kila Jumamosi, mwandishi akiwa yeye.

Wamama, msimnyooshee mtu kidole kabla ya kufunga robine na kusoma konteri. Kila parsela ijaribu usiku mmoja juma hili, na namba zenu mje nazo kwenye mkutano.

Tuonane juma lijalo.