Barua zetu zawaponza wanafunzi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewaponza vijana wetu wanaoomba nafasi za kusomea shahada ya uzamifu katika takwimu huko Marekani.

Majuzi mwanafunzi mmoja aliniletea maombi yake nimsahihishie lugha. Alama zake zilikuwa za kupigiwa mfano. Lakini nakala ya barua aliyopewa na mhadhiri aliyempendekeza ilikuwa na sentensi tatu tu: kwamba ni mtiifu, ana bidii, na hakosi darasani. Mimi ni mwanaisimu, na kazi yangu ni kupima maana ya maneno. Neno linalomfaa kila mtu halimtambulishi yeyote.

Yafaa ikumbukwe kwamba idara nyingi za takwimu nchini humo humpokea mwenye shahada ya kwanza bila kumdai uzamili, zikamsamehe karo na kumlipa posho ili afundishe au asaidie katika utafiti. Anayegharamika hana budi kuchagua kwa makini. Aghalabu wateuzi hudai barua tatu, na ndani yake hutafuta jibu la swali moja: je, huyu aweza kufikiri peke yake?

Isitoshe, wao hawaijui mizani yetu. Alama 70 katika vyuo vikuu vyetu ni A. Kwao, aghalabu ni C. Ni nani atakayewaeleza tofauti hiyo kama si mwalimu? Basi na aandike kwamba mwanafunzi alikuwa wa pili kati ya 80, au kwamba alibuni njia yake mwenyewe ya kuthibitisha kanuni ambayo wenzake waliikariri tu.

Wanafunzi nao wasijiondolee lawama. Makataa ya maombi mengi huwa Desemba au Januari. Anayemwendea mwalimu wiki moja kabla hujitakia barua kavu. Mwendee Septemba, ukiwa na matokeo yako na maelezo ya unachotaka kutafiti. Tena usiyakimbie masomo magumu ya hisabati, hasa aljebra na nadharia ya uwezekano, kwani ndiyo msingi wa takwimu.

Nasi walimu, tukikosa wakati au la kusema, tukiri mapema ili mwanafunzi atafute mwingine. Kumwandikia barua tupu ni kumfungia mlango huku tukimtakia safari njema.