Hatua Moja Kati ya Chombo na Ngazi

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hii inawafaa wale waketio katika ofisi za nchi kavu na kuamua ni siku gani fundi avuke kutoka chomboni hadi kwenye mtambo wa upepo uliosimikwa baharini.

Tangu Denmark iliposimika mitambo 11 huko Vindeby mwaka 1991, umeme wa upepo umezidi kuhamia baharini. London Array, iliyozinduliwa mwaka 2013 katika mlango wa mto Thames nchini Uingereza, ina mitambo 175, na kila mtambo wahitaji mafundi. Njia iliyozoeleka ya kuufikia ni hii: nahodha huelekeza omo ya chombo, yenye mpira mnene, kwenye vyuma viwili vilivyosimama wima mbele ya ngazi. Huongeza nguvu za injini ili mpira ugande kwa msuguano, kisha fundi hupiga hatua. Wimbi likiushinda msuguano huo, omo huteleza ghafla, juu au chini, na mguu uliokuwa hewani hukosa pa kutua. Kamba ya usalama huweza kumzuia fundi asitumbukie majini. Haimwokoi na chombo kinachopanda kumfuata ngazini na kumbana.

Aghalabu kikomo cha kazi hiyo huwa mawimbi ya mita 1.5. Wengi hudhani hicho ni kimo cha wimbi kubwa kupita yote. La hasha! Ni wastani wa ile thuluthi ya mawimbi iliyo kubwa zaidi, na katika bahari hiyo hiyo wimbi moja moja hukaribia mita 3. Tarakimu iliyoidhinishwa alfajiri, basi, haiwezi kumwamulia mtu adhuhuri. Waonao ni wawili tu, mwenye usukani na mwenye mguu. Yeyote kati yao akikataa, neno lake lapaswa kuwa la mwisho, wala asiulizwe hasara ya mtambo uliosimama.

Hata hivyo, kukataa pekee hakutoshi ikiwa hatua yenyewe yaweza kuondolewa. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, walibuni Ampelmann, daraja lililo juu ya mihimili sita ya haidroliki inayorefuka na kufupika kufuatana na mwendo wa meli, hata fundi akavuka kana kwamba yu barazani. Wenye mali hulalamikia gharama, na ni kweli kwamba meli za namna hiyo ni ghali mno kwa mashamba yaliyo karibu na pwani. Lakini hoja hiyo ilianza kudhoofika Hornsea Two ilipokamilika mwaka 2022. Huko winchi iliyofungwa mtamboni humvuta fundi kutoka sitahani hadi juu, huku kamba yake ikifuata mwendo wa chombo. Hakuna ngazi ya kurukia. Mashamba ya zamani yatatumika kwa miaka mingi bado, na wamiliki wake ndio wanaopaswa kueleza kwa nini ngazi zile zingali zapandwa.