DNA haioni maji

Kipimo cha DNA cha maziwa kimepewa sifa ambazo wataalamu wake wenyewe hawazidai. Tuanze na kubwa kuliko zote.

"DNA humfichua kila mchakachuaji." Haimfichui hata yule wa kawaida kabisa, mtia maji. Maziwa ya ng'ombe yakizimuliwa, DNA iliyomo hubaki ya ng'ombe tu. Huyo hunaswa kwa laktomita, kifaa cha kupima msongamano wa maziwa. Wala DNA isingeona melamini iliyotiwa kwenye maziwa nchini China, sakata lililolipuka mwaka 2008: takriban watoto 300,000 waliugua, 6 wakafariki. Melamini ina naitrojeni nyingi, na kipimo cha protini kilihesabu naitrojeni, kwa hiyo maziwa yaliyozimuliwa yakaonekana yana protini ya kutosha.

DNA hujibu swali moja: maziwa haya ni ya mnyama gani? Swali hilo lina uzito pale penye tofauti ya bei. Jibini ya mozzarella ya nyati ya Campania, Italia, haitakiwi kuwa na maziwa ya ng'ombe. Feta ya Ugiriki hutengenezwa kwa maziwa ya kondoo, na ya mbuzi yasizidi asilimia 30. Kwetu kuna maziwa ya ngamia yanayotoka Isiolo kwenda Eastleigh, Nairobi. Yakichanganywa na ya ng'ombe, DNA itasema.

"Yakichemshwa, DNA imekwisha." Hukatikakatika, lakini haipotei yote. Maabara hutafuta vipande vifupi, hasa vya mitokondria, kwa kuwa seli moja hubeba nakala zake nyingi. Hata jibini iliyokomaa hupimika.

"Asilimia 20 ya DNA ikiwa ya ng'ombe, basi asilimia 20 ya maziwa ni ya ng'ombe." Dai hili ndilo la hatari, maana limevaa namba. DNA ya maziwa iko hasa kwenye seli zinazotoka kwenye kiwele, nyingi zikiwa chembe nyeupe za damu. Maziwa ya ng'ombe mwenye afya kwa kawaida huwa na seli zisizozidi 200,000 kwa mililita. Kiwele kikiugua, zinaweza kupita milioni. Kwa hiyo lita moja ya ng'ombe mgonjwa inaweza kuleta DNA ya lita tano za mzima. Peleka namba hiyo mahakamani uone wakili wa mshtakiwa atakavyoichana.

"Dalili yoyote ya ng'ombe ni ushahidi wa wizi." Kipimo hiki kina macho makali mno, mabaki kwenye dumu lisilosuuzwa vizuri yanaweza kukiamsha. Umoja wa Ulaya, kwa jibini za kondoo, mbuzi na nyati, umeweka kipimo rasmi cha protini ya kasini, si cha DNA. Sampuli hulinganishwa na kigezo chenye asilimia 1 ya maziwa ya ng'ombe, na ikikifikia au kukizidi ndipo mtengenezaji huwa na kesi ya kujibu.