Mama Hupimwa Kwanza, Mama Hulaumiwa Kwanza



Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome 2 Samweli 11. Daudi alilala na mke wa Uria, mama akashika mimba, na kuanzia hapo mfalme hakuwa na kazi nyingine ila kuficha. Alimwita Uria kutoka vitani, akamlewesha, akamhimiza aende kulala nyumbani. Mpango ulipogoma, akamwandikia Yoabu barua, na Uria mwenyewe ndiye aliyeibeba barua ya kifo chake. Mtu asiye na hatia alikufa ili heshima ya mkubwa isiguswe.

Leo naongea na wanaume kuhusu kuficha kwa namna hiyo. Kina mama, someni pia.

Wako wanaume wenye mke na watoto, wengine wako kwaya, wengine ni wazee wa kanisa, ambao kwa siri hulala na wanaume wenzao. Wengi wao hawajiiti shoga. Wanajiita baba fulani, mume wa mama fulani. Msiseme nimetunga. Mwaka 2007 watafiti wa KEMRI kule Kilifi walichapisha matokeo ya wanaume 285 wanaolala na wanaume. Kati ya hao, 171 walisema wanalala na wanawake pia, na 21 kati ya hao 171 walikuwa na virusi vya Ukimwi. Ukiniambia hayo ni mambo ya pwani, nitakujibu kwamba moyo wa mtu wa Kiirua umeumbwa kama wa mtu wa Mtwapa.

Sasa angalia jinsi mambo yanavyofichuka. Mwanaume huyo hajapimwa, kwa sababu hajihesabu kuwa mtu wa hatari. Mkewe anapata mimba na kwenda kliniki ya wajawazito. Pale anapimwa virusi vya Ukimwi na kaswende, kama akina mama wengine wote. Matokeo yakitoka mabaya, yeye ndiye wa kwanza kujua, na yeye ndiye anayepeleka habari nyumbani. Na kwa kuwa ndiye aliyeanza kujua, watu wanasema ndiye aliyeanza kuugua. Mama mkwe anasema kaleta ugonjwa. Majirani wanahesabu safari zake za sokoni. Anarudishwa kwao na watoto. Mume anakaa kimya, na ndani ya moyo wake anajua ukweli au anaushuku. Ndugu yangu, huo kimya ndio barua ya Yoabu. Umempa mke wako aibebe.

Sisemi kila mama aliyepatikana na virusi ameletewa kwa njia hii. Wala usitumie ujumbe huu kumchunguza mumeo au kumnyooshea jirani kidole. Ninachosema ni hiki: kupimwa kwanza si ushahidi wa kuambukiza kwanza. Kanisa likome kumhukumu mama kwa sababu alitii daktari akaenda kliniki.

Kuna uongo unaozunguka ambao lazima niuvunje. Wako wanaoamini kwamba virusi hutoka kwa wanawake peke yao, na kwamba mwanaume kwa mwanaume hakuna shida. Ni kinyume kabisa. Ngono ya njia ya nyuma huambukiza kwa urahisi zaidi kuliko ya kawaida, kwa kuwa ngozi ya ndani pale ni laini na huchubuka haraka. Tena kaswende na kisonono vinaweza kukaa mwilini bila dalili yoyote, huku vikipelekwa kitandani kwa mama na hata kwa mtoto aliye tumboni.

Najua atakayeandika hapa chini, "Pasta, unatetea dhambi." Msimamo wa kanisa letu kuhusu ndoa mnaujua, na leo sijaja kuubadilisha. Lakini ni nani aliyetuambia kwamba njia ya kumleta mtu kwenye toba ni kumfungia mlango wa hospitali? Mnakumbuka Mtwapa, Februari 2010. Uvumi ulienea kwamba wanaume wawili wanafunga ndoa. Viongozi wa dini, wetu Wakristo na Waislamu pia, wakahamasisha watu. Umati ukaenda kuzingira kituo cha afya cha KEMRI kilichokuwa kikihudumia watu kuhusu Ukimwi. Watu walipigwa. Niambie, siku ile ni kirusi gani kilikufa? Mwanaume mwenye mke aliyekuwa akijiandaa kwenda kupimwa angepita wapi katikati ya mawe? Alibaki na siri yake, na siri ikarudi naye nyumbani.

Sheria yetu pia inatisha wengi. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka hadi miaka 14 jela, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Lakini daktari si polisi. Katiba, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya, na sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza matokeo yako kutangazwa bila ridhaa yako.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayesoma hii ukiwa umegeuza simu mtu asione, fanya haya.

Pimwa, na usipimwe virusi tu, pimwa na magonjwa mengine ya zinaa. Kama unaogopa kuonekana hapa St. Theresa, panda matatu uende Meru mjini au Nanyuki. Kama hata huko unaogopa, kuna vipimo vya kujipima mwenyewe kwenye maduka ya dawa. Kikionyesha una virusi, nenda kliniki uthibitishe.

Mwambie daktari ukweli wote, ajue mahali pa kupima. Kama ulijiweka hatarini juzi, usingoje Jumapili tukuombee. Dawa za kuzuia maambukizi lazima zianzwe ndani ya saa 72 na humezwa siku 28. Ipo pia PrEP, ambayo mtu asiye na virusi humeza ili asiambukizwe. Serikali ilianza kuisambaza mwaka 2017.

Ukipatikana na virusi, hujafa. ARV ni bure katika hospitali za serikali. Ukizimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo cha damu, huwezi kumwambukiza mke wako kwa ngono. Na mama mwenye virusi akianza dawa mapema anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na virusi. Tukikuombea, endelea kumeza dawa. Mchungaji yeyote anayekwambia uziache, mkimbie.

Halafu mwambie mkeo apimwe. Hili ndilo gumu, na usilifanye peke yako. Washauri wa kliniki wamefundishwa kukaa na nyinyi wawili. Mama ana haki ya kujua mwili wake umewekwa wapi.

Nanyi wachungaji wenzangu: mtu akija kwako na siri hii, isigeuke kuwa mahubiri ya Jumapili wala ombi la kesha. Mdomo wako ukivuja mara moja, wanaume kumi hawatakuja tena, na wake zao kumi watajulia kliniki.

Tuombe. Baba, mpe ndugu huyu ujasiri wa kutoka gizani kabla mtu mwingine hajabeba mzigo wake. Mlinde mama asiyejua. Mlinde mtoto aliye tumboni. Katika jina la Yesu, Amina.

Usiandike jina la mtu hapa chini. Andika Amina, kisha umtumie ujumbe huu mtu mmoja, kwa faragha.