SAHIHI SI SHAURI



Ndugu zetu, habari hii twaiandika kwa sababu ya karatasi moja. Nayo ni karatasi ya mahudhurio, ile yenye safu ya jina, safu ya chama, na safu ya sahihi.

Si siku nyingi zilizopita halmashauri moja, ambayo hatutaitaja, iliviita vyama vya mji wake vije kutoa maoni juu ya makisio ya mapato na matumizi ya mwaka. Barua ya mwito ilifika Alhamisi alasiri; mkutano ukawa Ijumaa asubuhi. Walikuja wanawake wa vikundi vya akiba, wakulima, wavuvi, mashehe na mapadre, nasi tulikuwamo. Makisio yalikuwa kitabu kinene, na nakala ilikuwa moja tu, mbele ya mwenyekiti. Yalisomwa mbio mbio, kwa muda usiotosha mtu kumaliza kikombe cha chai. Mama mmoja akasimama akauliza: fedha za kisima cha mtaa wetu zilizoandikwa mwaka jana zimekwenda wapi? Akajibiwa kwamba swali lake ni zuri, na litafikishwa panapohusika. Kisha karatasi ikapitishwa, tukatia sahihi, tukala wali, tukapewa nauli, tukaenda zetu. Baada ya majuma mawili karani mwenzetu aliagizwa kupiga chapa taarifa ya mkutano ule, akaona imeandikwa kwamba wadau wote walishirikishwa na wote wakaafiki. Swali la mama yule halikuwamo.

Basi twauliza: ni nani aliyeafiki? Sisi tulitia sahihi kuonyesha kwamba tulifika. Kufika ni jambo moja, na kukubali ni jambo jingine. Aliyezigeuza sahihi za kufika kuwa sahihi za kukubali ametumia majina yetu bila ya idhini yetu.

Wako wenzetu wasemao, "Haya hayatuhusu. Chama cha watumishi ni cha kuzikana, kuchangiana harusi na kutazama mishahara. Mambo ya utawala yana wenyewe." Maneno haya twayaheshimu, kwa kuwa mengi yatoka kwa watu wazima walioona taabu. Walakini hatukubaliani nayo hata kidogo, na sababu zetu ni hizi.

Mwaka wa 1922, pale Tanga, makarani na walimu wa Serikali wakiongozwa na Bwana Martin Kayamba walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Tanganyika. Kilikusanya Wakristo na Waislamu, na watu wa makabila mbalimbali, katika nyumba moja. Walisoma magazeti, walicheza mpira, walifundishana. Lakini mtu asidhani kwamba mpira ndio uliokuwa maana yake. Watu waliozoea kuamrishwa mchana kutwa walipata mahali pa kutoa hoja, kupingana kwa adabu, na kuandika walilopatana. Na miaka 7 baadaye, mwaka wa 1929, makarani na walimu walikuwa mstari wa mbele kuanzisha African Association pale Dar es Salaam, na katika chama hicho kikazaliwa TANU mwaka wa 1954. Wazee hao wangalishika shauri la kuzikana tu, sisi leo tungalikuwa wapi?

Tena yafaa tujifunze kwa yaliyowapungukia. Mwaka wa 1931 Bwana Kayamba, pamoja na Mtemi Makwaia na Bwana Francis Lwamugira, walipelekwa London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Walisema kwa heshima na kwa akili, wala hatuwadharau. Lakini waliteuliwa na Serikali. Hawakuchaguliwa na vyama vya watu. Basi mtazameni mwingine. Mwaka wa 1951 Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki ili nafasi yao wapewe Wazungu wafugaji. Watu wale walichangishana fedha, na mwaka wa 1952 wakamtuma Bwana Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York. Ardhi haikurudi siku ile. Lakini aliyesimama kule alikuwa mtu wao, kwa nauli yao, akisema maneno waliyompa. Tofauti ya mtu aliyeteuliwa na mtu aliyetumwa ndiyo tofauti ya mkutano wa Ijumaa ile na mkutano tunaoutaka.

Na hao wasemao kwamba mtumishi anyamaze, wakumbuke ni nani aliyelisema neno hilo kwanza. Mwaka wa 1953 Serikali ya Mwingereza iliwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Hatusemi kwamba karani wa leo apande jukwaani kupigia watu kampeni akiwa kazini. La, utumishi una miiko yake nasi twaishika. Lakini kuuliza fedha za kisima si siasa ya chama cho chote. Kisima hakina kadi.

Wala tusidanganyane kwamba kosa hili lilikuwa la wageni peke yao. Serikali yetu wenyewe, mwaka wa 1964, ililivunja shirikisho la vyama vya wafanyakazi na kuweka chama kimoja tu, NUTA. Mwaka wa 1972 halmashauri za wilaya ziliondolewa. Mwaka wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na mazao yakatiwa katika mikono ya mamlaka zilizosimamiwa kutoka juu. Kila mara sababu iliyotolewa ilikuwa njema: umoja, haraka, maendeleo. Lakini mkulima aliyekuwa na mkutano wa kumwuliza katibu wake akabaki hana wa kumwuliza. Haikupita miaka mingi, na mwaka wa 1982 zikatungwa sheria za kurudisha ushirika na halmashauri pia. Kubomoa kulichukua siku chache. Kujenga tena mazoea ya watu kuuliza kungali kwaendelea hata leo.

Sasa, mtu asiseme kwamba sheria hatuna. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 21, yampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika kufikia maamuzi yanayomhusu. Ibara ya 146 yasema serikali za mitaa zimewekwa ili kuwapelekea wananchi madaraka. Kijijini, mkutano mkuu ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka wa 1999, halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi pasipo idhini ya mkutano huo. Hizi si sheria ndogo. Kinachopunguka ni watu wa kuzisimamia.

Na hapo ndipo vyama vina kazi yao. Mtu mmoja hawezi kukisoma kitabu kinene cha makisio kwa usiku mmoja, akaacha shamba, akaja kuuliza, kisha akafuata jibu lake mwezi baada ya mwezi. Chama chaweza. Mmoja atasoma, wa pili atauliza, wa tatu atalifuata jibu. Na kama wa tatu amefariki au amehamishwa, daftari la chama litakumbuka. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kilichoanzishwa mwaka wa 1987, pamoja na wenziwe walipiga kelele kwa miaka juu ya wanawake na watoto waliodhulumiwa miili yao, hata mwaka wa 1998 Bunge likatunga sheria kali ya makosa hayo. Haikupatikana kwa sahihi moja ya mahudhurio. Ilipatikana kwa kurudi, na kurudi tena.

Lakini, ndugu zetu, nyani haoni kundule. Tukitaka halmashauri isome hesabu zake mbele za watu, je, sisi twasoma zetu? Viko vyama ambavyo katibu wake ni yule yule tangu siku ya kwanza, na daftari la fedha lakaa chini ya mto wake. Viko vyama vilivyoundwa kwa ajili ya mfadhili, na siku mfadhili alipoondoka havikuonekana tena. Chama kama hicho kikiitwa kushiriki katika utawala, hakimwakilishi mtu ye yote isipokuwa tumbo la katibu. Wakuu wakikidharau, tutawalaumu kwa lipi?

Na neno la mwisho ni letu sisi makarani. Sisi tumekaa pande zote mbili za meza. Asubuhi twaitwa na chama kutoa maoni. Jioni twaagizwa kuandika taarifa. Mkono ulioandika kwamba wote waliafiki ulikuwa mkono wa karani. Twajua vitisho, twajua uhamisho wa ghafula, wala hatumwiti mtu kuasi wakubwa wake. Twasema tu kwamba kuandika neno lililosemwa, na kutoandika lisilosemwa, ni amana ya kazi yetu tangu siku ile tuliposhika kalamu.

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano mkuu wa Chama maazimio haya:

(1) Chama kisihudhurie mkutano wa makisio ila kiwe kimepata nakala siku 14 kabla.

(2) Kila mwanachama atiapo sahihi katika karatasi ya namna ile aandike kando yake, "Nimehudhuria," wala si zaidi.

(3) Wajumbe wetu wachaguliwe kwa kura, wapewe maneno ya kusema, na warudi kutoa habari katika muda wa siku 7.

(4) Maswali yote yaliyoulizwa yaandikwe katika daftari letu pamoja na jina la aliyepaswa kujibu, na yasomwe tena kila mkutano mpaka yajibiwe.

(5) Hesabu za Chama zibandikwe ukutani kila miezi 3, kuanzia mwezi ujao.

Asiyekubali na asimame mkutanoni atupinge, nasi tutafurahi, kwa maana hilo ndilo tunalolitaka. Lakini mtu asikae kimya ukumbini, kisha akanung'unika njiani.

Na katika daftari letu, swali la kwanza tumekwisha kuliandika. Ni swali la mama yule juu ya kisima.

Wasalaam,
Ni sisi wenzenu katika utumishi.